Mpira Haupindishwi kwa Mkono

Mara ya kwanza nilipomwambia mama kwa simu kwamba Jumanne jioni huwa sipatikani kwa sababu niko bolingi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mke wangu ana habari. Kumbe alikuwa amesikia "bolingo". Kwake neno hilo ni magitaa ya Kongo, taa hafifu, na wanaume wa rika langu wakikata viuno mahali wasipopaswa kuwa. Nikamweleza: ni mchezo, Mama. Kuna pini kumi za mbao zimesimamishwa mwisho wa sakafu ndefu, na wewe unabingirisha tufe zito uziangushe.

"Na ukishaziangusha?"

Nikamwambia mashine inazisimamisha tena. Alicheka mpaka krediti yangu ikaisha.

Mimi nauza spea Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Beringi, bushi, viatu vya breki, vitu vya namna hiyo. Hata kwenye bolingi kuna "spea", ila hiyo ni nyingine: ni pale unapomalizia kwa mpira wa pili pini zilizokataa kuanguka kwa mpira wa kwanza. Zikianguka zote kwa mpira wa kwanza, hiyo ni straiki. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani nachanganya mchezo na kazi, ingawa, kama utakavyoona, nilianza kuuelewa mchezo siku nilipouchanganya na kazi.

Nilifika huko kwa bahati tu. Desemba moja, mteja wetu mkubwa alitualika kwenye sherehe yake ya kufunga mwaka, katika ukumbi ulio upande wa Gigiri. Tukapewa viatu vya kukodi vyenye soli laini, tukachagua mipira kwa rangi kama watu wanaochagua maembe, tukaanza kurusha. Mimi nina mabega ya kubeba giaboksi, kwa hiyo nilirusha kwa nguvu, moja kwa moja, katikati. Nikapata alama 94 na kupigiwa makofi. Alama za juu kabisa katika mchezo huu ni 300, lakini jioni ile hakuna aliyenikumbusha hilo.

Leni ya jirani, yaani ile sakafu ndefu ya pili, alikuwepo mzee mmoja mwembamba, shati limechomekwa vizuri, anacheza peke yake. Alitembea hatua nne, taratibu kama mtu anayekwenda kupokea ushirika, akauachia mpira. Haukwenda katikati. Ulikwenda kulia, kulia zaidi, hadi ukawa unatembea ukingoni kabisa mwa mtaro wa pembeni mwa leni, nami nikasema moyoni, pole mzee. Halafu, karibu na mwisho, mpira ukawa kama umekumbuka kitu ulichosahau nyumbani. Ukageuka kushoto. Zile pini hazikuanguka moja moja. Zilikwenda kwa mkupuo, kwa mlio wa sinia la vikombe lililomponyoka mtu. Mzee alikuwa ameshageuka, anajifuta mkono kwa kitambaa. Hata hakutazama.

Nilirudi nyumbani na mlio ule masikioni.

Wenyewe huuita mpira wa namna hiyo huki, yaani ndoano. Nilianza kujifundisha Januari, kwa video za simu, na kosa nililofanya ndilo ninaloliona leo kwa kila mgeni anayejaribu: niliona mpira umepinda, nikaamua lazima kuna mtu aliyeupindisha. Basi nikawa naupindisha. Kila nikifika pale pa kuuachia, nausokota mkono kama mtu anayefungua kitasa kilichokwama. Kiwiko kinatoka nje kama bawa la kuku, bega linakwenda kulia, kichwa kinakwenda kushoto. Na mpira ulizunguka kweli, siwezi kuusingizia. Ila ulizunguka kama pia ya mtoto, ukiteleza tu mpaka mwisho bila kupinda hata upana wa kidole.

Miezi mitatu hivyo. Kila Jumanne ni matatu ya Ruaka, foleni ya Limuru Road, viatu vya kukodi, kitasa kilichokwama. Alama zikashuka kutoka 94 hadi sabini na kitu. Machi kifundo cha mkono wa kulia kikavimba nikawa siwezi hata kugeuza ufunguo wa duka. Kliniki waliniuliza nimeumia wapi. Nikasema gereji. Ilionekana heshima zaidi.

Kuanguka nako nilianguka, siku nyingine. Mbele ya leni kuna mstari wa faulo. Ukiuvuka, pini ulizoangusha hazihesabiwi. Kinachotokea baada ya kuuvuka hakikuandikwa popote. Niliuvuka mguu wa kushoto nikiwa mbioni, na mguu haukusimama. Ulikwenda. Nikalala chali nikitazama taa za dari, na mpira ukanitangulia mpaka mtaroni. Nilipofumbua macho, yule mzee alikuwa ameninyoshea mkono. Hakuuliza kama nimeumia.

"Kijana, nani alikufundisha kunyonga kuku?"

Mzee alistaafu Reli. Jina lake silitaji, na hata ukumbini sote twamwita Mzee tu. Siku ile hakunionyesha namna ya kurusha. Alisubiri mpira wangu urudi, akauinua, akauinamisha kuelekea taa. "Tazama." Juu yake palikuwa na alama nyembamba ya mafuta, duara moja, kama ile pete ambayo kikombe cha chai huacha mezani. Ndipo mpira ulipoigusa sakafu. Duara langu lilikuwa dogo, upana wa kisahani, limejibana upande mmoja: ulikuwa umezunguka kwenye kisigino kimoja. Akachukua wake. Ulikuwa na pete nyingi, zimepishana, kila moja inakaribia kuuzunguka mpira mzima, zikabanana mahali pawili kama tai ya kipepeo.

"Wangu umebingirika," alisema. "Wako umecheza ngoma."

Kisha akaugonga mpira wangu kwa ukucha. "Na hii ni plastiki. Unamfundisha paka kubweka."

Hilo lilinichoma, kwa sababu ni kosa la kazi yangu mwenyewe. Mipira ya kukodi, popote duniani, mingi ni ya plastiki ngumu, poliesta, laini kama kigae, na imetengenezwa iende moja kwa moja. Mipira inayopinda ina ngozi nyingine. Kuna ya yurethani, iliyoshika kasi miaka ya 1980, na kuna ya rezini ya miaka ya 1990, yenye vinyweleo vidogo mno ambavyo hufyonza mafuta na kuing'ang'ania sakafu kavu. Na ndani yake mna kiini kizito kilichoumbwa kwa makusudi. Nilikuwa kama wale wateja wanaokuja kulalamika kwamba breki hazishiki, ukichungulia unakuta wamefunga pedi za gari lingine.

Lakini kilichoniketisha chini ni hayo mafuta. Nilikuwa nimecheza miezi mitatu bila kujua kwamba sakafu ina mafuta. Inang'aa, nikadhani ni vanishi. Kutoka mstari wa faulo hadi pini ya kwanza ni futi 60, mita 18 na ushei. Mashine hupita ikapaka mafuta kiasi cha futi 40 za mwanzo, na kwa leni nzima ni mililita 20 na kitu tu, vijiko vya chai vinne au vitano. Futi 20 za mwisho huachwa kavu. Tena hayapakwi sawasawa: katikati mengi, pembeni haba. Mzee aliyasema haya kwa sentensi tatu, huku akifuta mpira.

Nami nikaona kila kitu, maana hiyo barabara naijua. Nimeishi Ruai miaka minane, kwenye ule udongo mweusi. Njoo Aprili mvua ikinyesha. Umekata usukani kushoto, magurudumu yameelekea kushoto kabisa, lakini gari linateleza mbele kama halikusikia. Unaendelea kukata. Halisikii. Halafu tairi linagusa kipande cha changarawe, na gari linaruka kushoto kwa ghafla, abiria wote wanalitaja jina la Yesu. Tairi lilikuwa limeelekea kushoto muda wote. Lilichokosa ni mahali pa kushika.

Huki ni gari hilo. Mkono kazi yake ni kukata usukani tu, yaani kuupa mpira mzunguko wa pembeni kidogo mwanzoni kabisa. Kwenye mafuta unateleza, umenyooka, na mzunguko wake umo ndani unasubiri. Ukifika pakavu unashika, na ndipo unapogeuka. Anayeupinda ni sakafu. Mimi nilikuwa nimevimba mkono kwa kufanya kazi ya sakafu.

Nilimweleza Mzee mfano wangu wa Ruai. Alifikiri, akasema, "Ila wewe umekata usukani ukang'oka nao."

Jumanne iliyofuata aliniletea mpira wake wa zamani, ratili 14, zambarau iliyopauka. Matundu yake hayakuwa kama ya kukodi. Kidole cha kati na cha pete huingia mpaka pingili ya kwanza tu, kidole gumba ndicho huzama chote. Tundu la gumba lilikuwa pana kwangu, basi akatoa mfukoni tepu maalumu, akakata kipande, akakibandika ndani kwa ncha ya ufunguo. "Shika. Tikisa. Kinapwaya?" Kidogo. Kipande kingine. "Sasa?" Kidogo sana. Cha tatu. Alifanya hivyo kama fundi anayepima shimu kwenye vali, nami nikamheshimu kwa hilo kuliko kwa zile straiki zake. Tundu likipwaya, alinieleza, mkono unaogopa mpira utaponyoka, kwa hiyo unaubana. Na mkono unaobana haujui kuachia. Nilipendekeza tuupeleke kwa fundi wangu wa kukereza vyuma pale Grogan atutobolee tundu jipya. Alinitazama kana kwamba nimesema tung'oe jino kwa plaisi. Tundu lina pembe yake, kijana. Likikosewa nyuzi mbili, kidole kinakwama.

Halafu akanipa somo lililonifanya nichekwe na ukumbi mzima.

"Unapokaribia kuachia," alisema, "gumba lielekee saa nne."

Nikatazama saa yangu ya mkononi. Nne ndiyo hiyo, chini, upande wa kulia. Nikajisokota mpaka gumba likaelekea kule, jambo ambalo mwili wa binadamu haukuumbiwa, nikarusha. Mpira ukakata kulia ukaingia mtaroni. Nikarudia. Mtaroni. Mara ya tatu nikahisi kitu kimelia begani. Mzee alikuwa amefumba macho.

"Hiyo ni saa nne ya wapi?"

"Si hii hapa, Mzee. Nne."

Akanishika mkono, akauinua mbele ya uso wangu. "Saa nne asubuhi, wakati watu wanakunywa chai kazini, mkono mfupi wa saa huwa umeelekea wapi?"

Juu, kushoto kidogo. Kwenye kumi.

"Hapo! Wewe umezaliwa unasema saa nne, leo umeingia bolingi umekuwa Mzungu?"

Vijana wa leni ya pili walicheka wakashindwa kurusha. Mpaka leo wakiniona wananiuliza saa ngapi.

Baada ya hapo niliielewa picha nzima. Mkono uko nyuma ya mpira, ndani kidogo, kiganja kinatazama pini, gumba liko saa nne hiyo ya Mzee. Mpira ukifika kwenye kifundo cha mguu, gumba hutoka kwanza. Vile vidole viwili vinabaki ndani kwa kufumba na kufumbua, vikiubeba mpira kutoka chini na pembeni, kisha navyo vinatoka. Mkono unaendelea juu, unamalizia kama unayemsalimia mtu wa mbele yako. Hapo katikati hakuna kusokota. Huo mwanya mdogo kati ya gumba kutoka na vidole kutoka ndio huki yote.

Kuuelewa ni dakika moja. Kuufanya kulinichukua Aprili, Mei na sehemu nzuri ya Juni.

Tatizo langu lilikuwa gumba. Kidole gumba ni kidole cha kushika. Kazi yangu yote ni kushika: spana, boksi, noti ya mtu anayetaka kuongezewa punguzo. Kila nikifika chini, gumba linabana lenyewe, linachelewa kutoka, na vidole vikitoka pamoja nalo mpira unaanguka puu kama gunia. Mzee hakuwa na maneno mengi juu ya hilo. Alikuwa akisema tu "gumba", kwa sauti ile ile, kila mara, kama kondakta anayetaja kituo. Gumba. Gumba. Gumba. Mke wangu anasema nilikuwa nalitamka usingizini.

Dawa ya kwanza ilikuwa mtungi. Alinituma nyumbani nikajaze mtungi wa lita 5, nisimame kwenye ukumbi mdogo wa nyumba, niuachie ubembee kutoka begani, mbele na nyuma, bila kuusukuma. Uzito unajua njia yake, alisema. Wewe uwe kamba. Watoto walihesabu. Usiku wa kwanza nilikuwa nausukuma kila mara, mtungi unayumba kama mlevi. Kufikia wiki ya pili ulikuwa unapita karibu na goti langu kwenye mstari ule ule, na bega halifanyi chochote. Ni ajabu jinsi ilivyo vigumu kutofanya chochote. Tulipoteza taa moja ya mezani katika zoezi hilo, na kwa upande wangu ilikuwa mbaya tangu mwanzo.

Dawa ya pili ndiyo iliyoniponya. Jumanne moja yenye mvua, ukumbi mtupu, aliniambia nisimame karibu na mstari, nisitembee hata hatua moja, nisitie gumba tunduni kabisa. Vidole viwili tu, mpira umelalia kiganja na kifundo. Bembeza kidogo, achia. Niliona ni mchezo wa watoto. Nikabembeza, nikaachia, polepole kiasi kwamba nilidhani hautafika.

Ulikwenda umenyooka juu ya mshale wa pili. Sakafuni kuna mishale saba, kiasi cha futi 15 kutoka mstarini, kila mmoja umepishana na mwenzake kwa mbao tano. Leni nzima ina mbao 39. Ukapita mshale, ukasogea kulia kidogo, ukapungua kasi. Nikaanza kugeuka, kwa aibu. Mzee akanigusa bega nisigeuke. Ukaingia pakavu na ukakata kushoto. Haukuwa na nguvu, uliangusha pini sita kwa uvivu, moja ikiyumba sana kabla ya kukubali. Lakini ulikuwa umepinda, na mimi sikuwa nimefanya kitu. Niliutazama mkono wangu. Ulikuwa umelegea pale mbele yangu, umenyoshwa, kama unasubiri kusalimiwa.

Nilirudia labda mara arobaini usiku ule. Nilikosa matatu ya mwisho ya moja kwa moja na nikafika Ruai karibu saa sita. Sitasimulia maelezo niliyotoa mlangoni.

Kuhusu gumba kurudi tunduni, hatua nne, kuteleza kwa mguu wa kushoto na goti kukunjwa, sina mengi. Ni kurudia. Kasi ndiyo ninayotaka kuitaja, maana wanaume wenzangu wa mabega hupotelea hapo. Skrini ya ukumbi huonyesha kasi, na mimi nilikuwa nikijivunia kupita kilomita 32 kwa saa. Kwa kasi hiyo mpira unafika kwenye pini ukiwa bado unateleza. Pakavu pamekwisha kabla haujapata wa kushika. Mzee hurusha kwa 25 au 26. Nilipopunguza ndipo pini zilipoanza kuanguka. Wapo pia vijana wanaorusha kwa mikono miwili bila gumba kabisa, kama Jason Belmonte wa Australia, mpira unazunguka hadi unatisha. Mzee huwatazama kwa heshima na kusema mgongo ni wao.

Na kwa nini mtu ajitese hivi, wakati 94 nilikuwa naipata bila kusokotwa na mtu? Nilimuuliza. Akapanga vikombe kumi vya karatasi mezani, pembe tatu kama pini, kimoja mbele, akavihesabu kutoka mbele kwenda nyuma, kila safu kushoto kwenda kulia. Akanionyesha kwamba mpira uliopiga vizuri kabisa hugusa pini nne tu: ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9. Zile nyingine sita huangushana zenyewe. Ya 1 inampiga 2, 2 anampiga 4, 4 anampiga 7. Ya 3 inampiga 6, 6 anampiga 10. Ya 5 inamchukua 8. Ni kama ugomvi wa ukoo. Sasa mpira ulionyooka ukiingia kati ya 1 na 3, pini ya 1 inausukuma pembeni, unakosa ya 5 iliyoko katikati, na ugomvi unakufa. Unaotoka pembeni unaingia ukiwa umeelekea ndani. Chama cha bolingi cha Marekani, USBC, kilipima kikaona pembe inayofaa zaidi ni kama nyuzi 6. Leni ina upana wa mita moja na kidogo; kwa mstari ulionyooka pembe hiyo huipati hata ukisimama juu ya mtaro. Lazima upinde.

Julai nilipata 151. Agosti 168. Nilimtumia mama picha ya skrini. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Hizo pini bado hamjazimaliza?"

Kumaliza sikuwa nazimaliza, na sababu ilikuwa moja. Pini ya 10. Ile ya kona ya kulia, nyuma kabisa. Mpira unaingia vizuri, tisa zinakwenda, na hiyo inabaki imesimama peke yake kama askari wa lango ambaye hakuambiwa sherehe imekwisha. Wakati mwingine pini ya 6 inapita mbele yake, inamzunguka, inalala mtaroni, na yeye hata hatikisiki. Nilikuwa namrushia huki. Ndiyo niliyokuwa nayo. Mpira unakwenda kulia vizuri, unamkaribia, halafu, kwa utiifu wote niliomfundisha kwa miezi, unageuka kushoto na kupita mbele yake. Jumanne moja niliikosa mara saba. Nilizihesabu.

Mzee aliinuka akaenda kwenye rafu ya mipira ya kukodi. Akarudi na mmoja wa rangi ya chungwa, ratili 12, plastiki, matundu mapana, umekwaruzika na vidole vya watu elfu. Akaniwekea mikononi.

"Hii huipigi kwa huki. Simama kushoto kabisa, tazama pini, rusha umenyooka. Kama ulivyokuja."

Nikamwambia nimesahau. Akadhani natania.

Nikasimama kushoto. Nikatazama ile pini. Hatua nne, mtungi ukabembea, nikauachia mpira ukavuka leni kimshazari, kutoka kona hadi kona, vizuri kabisa, mpaka futi chache za mwisho kule pembeni pakavu. Hapo ukajivuta kushoto. Si sana. Upana wa kiganja. Pini ya 10 ikabaki imesimama.

Mzee alisubiri mpira urudi, akauinua, akauinamisha kuelekea taa. Akautazama muda mrefu.

"Haya," alisema. "Paka amebweka."